Mwili hauulizi kama dawa ulipewa na daktari au uliuziwa kijiweni

Mi ni mtoa dawa, nauza kwenye duka la dawa muhimu hapa Makambako, sio mbali na njia panda ya Songea, na kama kuna kitu kazi hii imenifundisha ambacho kwenye mafunzo tulikipita juu juu tu ni hiki: mwili ukipewa kitu kila siku unajipanga upya kufuatana na hicho kitu, haujali kimetoka hospitali au kwa kijana wa stendi, na mara nyingi balaa haliji siku unameza, linakuja siku unaacha. Watu wengi wanaosimama mbele ya kaunta yangu wanaamini cha hospitali hakina neno, cha kijiweni ndio kibaya. Hiyo imani imeshaumiza watu ninaowapenda ndo maana naandika.

Nianze na wifi yangu. Ni mdogo wake mume wangu, binti mwembamba toka utotoni, na alikuwa anakaribia kuolewa, sasa si mnajua maneno ya watu, mara huyu bibi harusi mbona hana mwili, mara gauni litamshikaje. Akaingizwa kwenye group la WhatsApp la mambo ya urembo, humo kuna mama anauza vidonge vya kuongeza mwili, vinakuja kwenye kikopo hakina jina, unaambiwa ni mitishamba iliyosindikwa, meza viwili asubuhi viwili jioni na ule vizuri. Akanenepa kweli jamani. Uso ukajaa, mashavu yakang'aa, watu wakasifia, harusi ikapita vizuri, na yeye akaendelea kumeza kwa sababu aliogopa kurudi alivyokuwa.

Alipokuja kunitembelea dukani nikamwangalia nikaona hapana. Uso duara, nyuma ya shingo pamevimba kinundu, tumbo limetoka, ila mikono na miguu ni myembamba vilevile, tena akipanda ngazi anachoka kama mgonjwa, na alipokunja gauni mapajani kuna michirizi ya zambarau. Unene wa chakula haukai hivyo. Nikamuuliza, "Wifi, unatumia nini?" Akacheka, "Hamna wifi, ni raha za ndoa tu." Nikamwacha, nikamtengea chai, baadaye akasema mwenyewe. Kumbe vya kikopo vilipopanda bei yule mama alimwelekeza jina halisi akawa ananunua mwenyewe kwa karatasi. Akafungua pochi akanionyesha: deksamethasoni ya 0.5 mg, na pembeni yake siproheptadini.

Siproheptadini ni dawa ya mzio, inaongeza hamu ya kula na inaleta usingizi, ndo maana alikuwa anasinzia sinzia mchana. Lakini kilichonitia hofu ni ile deksa. Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo zinaitwa adrenali, kazi yao mojawapo ni kutengeneza homoni ya kotisoli, hii ndo inashikilia presha isishuke, inaweka sukari sawa, inakusimamisha unapoumwa au ukipata ajali. Mtu mzima mwenye afya anatengeneza kama 10 mpaka 20 mg kwa siku. Deksa ni kotisoli ya maabara yenye nguvu kubwa sana, 0.75 mg tu inafanya kazi ya 20 mg za kotisoli. Sasa piga hesabu wewe mwenyewe, vidonge vinne vya 0.5 ni 2 mg, hiyo ni sawa na zaidi ya 50 mg za kotisoli kila siku kwa binti ambaye haumwi chochote.

Ubongo nao haulali. Kuna sehemu ya chini kabisa ya ubongo inapima kotisoli kwenye damu muda wote, ikikuta imejaa inaacha kutuma amri kwa zile tezi, na tezi zisipopata amri kwa wiki nyingi zinasinyaa. Ni kama nyumba ambayo jirani analeta ugali uliopikwa kila siku, mwisho mama anazima jiko na kuni anagawa. Siku jirani akisafiri ghafla hapo ndo mtajua mnakaa na njaa.

Nikamwambia wifi hili neno kwa neno, usiache ghafla, twende hospitali wakupunguzie taratibu. Akakubali. Ila kabla hatujaenda mume wake alivikuta, na kwa uchungu wa mapenzi, maana simlaumu, hakuna mtu aliyewahi kumwambia, akavitupa vyote chooni. Haikupita muda nikapigiwa simu, binti anatapika, hana nguvu ya kukaa, anasema dunia inazunguka. Tulivyofika hospitali presha imeshuka vibaya na sukari iko chini. Bahati nzuri nilikuwa nimebeba ile karatasi ya vidonge, nikamwambia daktari kila kitu, akawekewa dripu na haidrokotisoni ya kuchoma, yaani kotisoli yenyewe, na jioni yake akaomba uji. Bila ile karatasi wangehangaika na malaria na tumbo, na watu wanakufa hivyo, wanazikwa tunasema karogwa na mke mwenza.

Na nisieleweke vibaya kuhusu deksa. Ni dawa ya maana sana. Familia hii ya dawa ilivyoanza kutumika kwa wagonjwa wa baridi yabisi mwaka 1948 kule Marekani watu waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani walitembea, na mwaka 1950 wagunduzi wake watatu walipewa tuzo ya Nobel, lakini ni wagonjwa haohao wa mwanzo waliokuja kuonekana na nyuso za duara na madhara mengine walipopewa dozi kubwa muda mrefu. Yaani jambo hili limejulikana miaka zaidi ya sabini. Mwaka 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ukaonyesha deksa 6 mg kwa siku inapunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye oksijeni. Dawa ileile! Kwa mgonjwa yule inaokoa maisha, kwa bibi harusi mzima inapandisha presha na sukari, inakondesha mifupa, inashusha kinga mpaka kifua kikuu kilicholala kinaamka, na unene wenyewe unakaa usoni na tumboni, sio kwenye hipsi alikokuwa anakutaka.

Sasa nije kwa madereva maana hii ni barabara ya TANZAM, usiku hapa malori hayakatiki, yanakwenda Tunduma mengine yanaendelea Zambia mpaka Kongo. Kuna kaka mmoja dereva wa semi, mstaarabu, akipita lazima asalimie "kamwene dada" ingawa yeye si wa huku. Huyu aliumia mgongo ajali ya Kitonga na hospitali walimpa tramadoli, dawa kali ya maumivu, kihalali kabisa, cheti kipo, dozi ipo. Mgongo ukapoa. Ila aligundua kitu kingine, akimeza uchovu unapotea, moyo unakuwa mwepesi, foleni ya Tunduma haimkeri. Cheti kilipoisha yeye hakuisha. Akawa anakuja kwangu, nikamwambia kaka hii sina ruhusa kuiuza, akaenda anakojua yeye. Mwanzo kimoja, baadaye viwili, baadaye havihesabiki.

Tramadoli ina mambo mawili ndani yake na hapo ndo wengi hawajui. Upande mmoja ni ndugu wa mofini, inakaa kwenye vipokezi vya ubongo ambavyo mwili umeviweka kwa ajili ya dawa zake wenyewe za maumivu, maana mwili wako unatengeneza vitu vya jamii ya mofini ndani kwa ndani, wanasayansi wa Aberdeen kule Scotland walivitambua 1975. Upande wa pili inazuia serotonini na noradrenalini, kemikali za ubongo, zisirudishwe kwenye seli, ndo ile kuchangamka anayoisikia dereva. Huu upande wa pili dozi ikizidi unaleta kifafa kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka maishani. Kikomo kwa mtu mzima ni 400 mg kwa siku, na hata chini ya hapo unaweza kuanguka kama umechanganya na pombe au baadhi ya dawa za sonona. Afu ini linaibadilisha tramadoli kuwa kitu kikali zaidi, na kuna watu wamezaliwa na ini linalofanya hiyo kazi haraka mno, kwahiyo dozi ya mwenzio kwako inaweza kuwa sumu na huna alama yoyote usoni ya kukuonyesha.

Yule dereva alianguka kifafa parking. Tingo wake akaja mbio dukani, "dokta njoo, bosi anakufa," nikakuta wameshamshika mikono na miguu na mmoja ana kijiko anataka kumwekea mdomoni. Jamani kijiko hapana. Tulisogeza mawe, tukamweka koti chini ya kichwa, alipotulia tukamlaza ubavu ili matapishi yasiingie kwenye njia ya hewa, tukapata gari. Na alikuwa ameshazima injini, nawaza ingekuwa mteremko ule na tani thelathini nyuma yake...

Baada ya hapo akaacha mwenyewe kwa hasira, akajifungia gesti. Kilichompata watumiaji wa unga wanakiita arosto: kamasi, miayo, vinyweleo vinasimama, tumbo la kuhara, mifupa inauma kuliko mgongo ulivyouma siku ya ajali. Na hiyo ni dawa aliyoandikiwa na daktari. Sababu ni ileile ya wifi, ubongo ulikuwa umeshapunguza vipokezi na umeacha kutoa vitu vyake, ukiondoa dawa unabaki mtupu na kila kitu kilichokuwa kimekandamizwa kinaruka juu kwa pamoja. Kinachotisha zaidi ni kurudi. Mtu akikaa wiki chache bila kutumia mwili unasahau ule uzoefu, akirudi na dozi yake ya zamani inasimamisha pumzi. Maana vipokezi hivyo viko mpaka kwenye shina la ubongo panaposimamiwa kupumua, na vikikandamizwa sana ubongo unasahau kuvuta hewa, mtu analala anakoroma kwa mbali midomo inakuwa ya bluu basi.

Hapa watu huwa wananiuliza vipi bangi, mbona hamna mtu tunasikia bangi imemzimisha pumzi. Ni kweli na sababu yake ipo. Kemikali ya bangi inayolevya, THC, ilitengwa mwaka 1964 na wanasayansi wa Israel, inakaa kwenye vipokezi vyake vingine kabisa, na kwenye shina la ubongo panapoendesha kupumua vipokezi hivyo ni vichache. Ila viko vingi sana sehemu ya kumbukumbu na sehemu ya mbele ya ubongo ya kupanga na kujizuia, ambayo inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Nina mtoto wa dada yangu alianza mjani akiwa sekondari hapo Njombe, alikuwa anaongoza darasa, alivyofika kidato cha nne alikuwa anasikia sauti zinamtukana. Kwenye ukoo wetu kuna mjomba alikuwa na ugonjwa huo wa akili na bangi kwa mtu mwenye hiyo damu ni hatari zaidi. Anatibiwa, anakunywa dawa zake, anafuga kuku, tunamshukuru Mungu. Lakini mtu akisema mbele yangu kwamba bangi ni majani tu nanyamaza kwanza maana naweza kulia.

Kuna wazee nao. Mzee mmoja mwalimu mstaafu, mke wake ni mteja wangu wa dawa za presha, alikuwa anapata usingizi kwa diazepamu, ile wanaita valiamu, aliandikiwa wakati wa msiba wa mwanae akaendelea miaka. Diazepamu ipo sokoni tangu 1963 na kwa kazi yake ni nzuri, inakata kifafa, inatuliza. Inafanya kazi kwa kuongeza nguvu ya GABA, kemikali ambayo ubongo unaitumia kujipunguzia kasi. Sasa pombe nayo inakanyaga breki hiyohiyo. Msimu wa masika huku ulanzi ni mwingi na bei chee, mzee kanywa togwa la mianzi, lile tamu la asubuhi ambalo jioni limeshakuwa kali, karudi nyumbani kameza kidonge chake kama kawaida. Mkewe usiku akasikia anakoroma tofauti, kumwamsha haamki. Walimuwahi wakamwekea oksijeni akapona. Kilichoongeza ubaya ni umri, kwa mzee diazepamu haitoki mwilini haraka, ya leo inaikuta ya jana na juzi bado ipo kwenye damu. Na yule mama alitaka kuanzia siku hiyo asimpe tena kabisa, nikamwambia mama yangu hapana, diazepamu ya miaka ukiikata ghafla ubongo uliozoea breki unaachiwa bila breki, anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, mpaka kifafa. Wakarudi kwa daktari wakapunguza robo robo, ilichukua miezi.

Panadol sitaisema sana ila niseme. Kikomo ni gramu 4 kwa siku, vidonge nane vya 500 mg, na kwa mnywaji wa kila siku kiwe chini ya hapo, maana ini linaivunja panadol likitoa kiasi kidogo cha sumu na lina akiba ya kuifuta hiyo sumu, mnywaji asiyekula vizuri akiba yake imeisha. Mtu akizidisha siku ya kwanza yuko fresh tu, ini linaanza kufa siku ya pili ya tatu huku yeye anajiona mzima. Wanaomeza na pombe asubuhi kutoa hengova, nawaomba.

Jambo lingine linaloniumiza ni watu kusema metadoni ya serikali, dawa wanayopewa watumiaji wa heroini badala ya unga, ni kumpa teja unga mwingine. Tanzania ilianza Muhimbili 2011, na sasa huku nyanda za juu kliniki ipo hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya, nina ndugu wa yule tingo anayekwenda pale kila siku, alikuwa amekwisha kabisa kule Tunduma. Heroini inapanda kwa dakika na kushuka kwa saa chache, kwahiyo mtumiaji siku nzima anapigana na arosto, anaiba, anachangia sindano. Metadoni inakaa mwilini zaidi ya siku, haipandi ghafla, anainywa mbele ya nesi, vipokezi vinatulia na yeye anapata akili ya kufikiria mambo mengine. Kijana huyu sasa anaosha magari na anamtumia mama yake hela. Na mnajua heroini yenyewe ilianzia wapi? Kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliiuza dukani mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi. Ilitoka duka la dawa ikaenda mtaani, haikutoka mtaani.

Ndo maana siku hizi mtu akija na jina la dawa siishii kwenye kuangalia cheti. Nauliza umeanza lini, unameza ngapi kwa sasa ukilinganisha na mwanzo, ukikosa siku moja unajisikiaje, unakunywa pombe, kuna kingine unameza. Swali la kukosa siku moja ndo linatoa majibu mengi kuliko yote. Mtu anatabasamu anasema sio mlevi mimi dada, afu anakueleza kwamba akikosa mikono inatetemeka. Hao nawaambia wasiache leo, wasiniahidi chochote, waende hospitali na pakiti mkononi, nawaandikia jina la dawa na kiasi kwenye karatasi ili wasione aibu kueleza. Wenzangu wengine wanasema napoteza wateja. Labda.

Wifi yangu alipunguziwa kwa predinisoloni, ndugu wa deksa asiye na nguvu kama yake, dozi inashuka kidogo kidogo kwa miezi, na kila wakishusha viungo vilimuuma na alilala sana, kuna siku alinipigia analia anataka kurudia vile vya kikopo kwa sababu uso umepungua na watu wameanza tena maneno. Mume wake alikaa naye vizuri sana, huyo namsifu hadharani. Sasa amerudi mwili wake wa kuzaliwa, michirizi imefifia ila haijaisha, na alivyoshika mimba kliniki waliandika kwenye kadi yake kwamba aliwahi kutumia steroidi, yaani dawa za familia ya deksa, muda mrefu, kwa sababu zile tezi zinaweza kuchukua mwaka au zaidi kurudi sawa na uchungu wa kujifungua au operesheni unahitaji kotisoli nyingi kwa mpigo. Walimwambia hata akienda kung'oa jino aseme, na anasema.